Sehemu ya Mwisho: Namba ni za Kituo, Machozi ni ya Nyumba Zetu



Wasomaji wetu waheshimiwa, kuna juma moja katika mwaka, na pengine majuma mawili, ambapo mazungumzo ya mitaa yetu hubadilika. Kuanzia hapa Kibarani, kuvuka daraja la Makupa, hadi ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale, watu wazima wenye akili zao huulizana habari za watu wasiokuwako duniani. Je, bwana yule atamrudia mkewe? Je, siri ya mtoto itafichuka? Yule mama mkwe atalipwa kwa aliyoyatenda? Hilo ni juma la sehemu ya mwisho ya tamthilia. Likishapita, huja habari ya pili: kituo hujisifu kwamba tamthilia yake imetazamwa kuliko nyingine zote za saa ile.

Juma hili tumeona vyema tuyaangalie mambo hayo mawili pamoja, yaani hesabu ya watazamaji na hisia zao. Hesabu ni mali ya kituo na ya wafanyabiashara wanaotangaza bidhaa zao. Hisia ni mali ya nyumba zetu, nazo zina habari ambayo hesabu haiwezi kutupa. Sisi aghalabu huishughulikia ya kwanza, tukaiacha ya pili ipite bila kuisoma.

Saa moja na nusu usiku

Wengi wetu twaikumbuka Maria, tamthilia ya Kiswahili iliyoanza kuonyeshwa na Citizen TV mwaka 2019 na kufikia tamati 2021. Ilitengenezwa na Jiffy Pictures, kampuni ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, mume na mke ambao Wakenya waliwazoea kwanza kama wasomaji wa taarifa ya habari ya Kiswahili. Maria ilipoondoka, mahali pake pakachukuliwa na Zora; mwaka 2022 ikaingia Sultana, kisa cha msichana kipofu wa huku kwetu Pwani. Tamthilia hizo zilirithishana wakati mmoja: saa moja na nusu usiku, siku za kazi, mara tu taarifa ya habari ya Kiswahili inapomalizika.

Urithi huo wa saa una maana yake. Kwa mtazamaji, sehemu ya mwisho ni kuagana. Kwa kituo, ni kukabidhiana kijiti: kisa kimoja chafungwa na kingine chafunguliwa papo hapo, ili aliyezoea kuketi saa ile asizoee jambo jingine. Mazoea yetu ndiyo rasilimali yenyewe.

Saa hiyo ina maana nyingine kwa watu wa Mombasa. Katika miji ya bara ni wakati ambapo mfanyakazi amefika nyumbani na chakula ki jikoni. Kwetu sisi, ni karibu na wakati ambapo Isha huingia, ikitangulia au kuchelewa kidogo kulingana na miezi ya mwaka. Na ikiwa ni Ramadhani, ni wakati wa kujiandaa kwa Tarawehe. Hatusemi kwamba kuna mtu aliyekusudia kutupinga. Saa ilichaguliwa kwa hesabu ya nchi nzima. Lakini ni haki yetu kujua kwamba hesabu hiyo ipo, na kwamba adhana ya msikiti wetu haimo ndani yake.

Namba hizi hutoka wapi?

Twatazama televisheni ya hewani bila kulipa kwa kila kipindi, na kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba hakuna kinachouzwa. Kinachouzwa ni nafasi ya tangazo. Mwenye sabuni, mwenye mafuta ya kupikia na mwenye benki hulipa ili bidhaa yake ionekane katikati ya kisa, na bei ya nafasi hiyo hupanda kadiri watazamaji wanavyosemekana kuwa wengi. Ndiyo sababu sehemu ya mwisho hutangazwa majuma kadhaa kabla, na ndiyo sababu matangazo huongezeka pale pale ambapo roho zetu ziko juu.

Watazamaji hawahesabiwi mmoja mmoja. Nchini Marekani, kampuni ya Nielsen, iliyoanza kupima televisheni mwaka 1950, huweka vifaa katika nyumba zilizochaguliwa, na kutokana na nyumba hizo hukisia taifa zima. Kwetu Kenya, kampuni kama Ipsos na GeoPoll zimekuwa zikiwauliza watu: umetazama nini, na saa ngapi? GeoPoll imetumia sana simu ya mkononi na ujumbe mfupi kwa kazi hiyo.

Njia ya kuchagua wachache si ya kudharauliwa. Mpishi haonji sufuria nzima ya mchuzi. Kijiko kimoja chamtosha, madhali sufuria imekorogwa vizuri. Swali ni la kukoroga. Katika nyumba nyingi za Kibarani, simu inayofahamika ni ya baba, na saa moja na nusu usiku baba yuko msikitini, au yuko zamu, au yuko njiani atoka kazini. Anayetazama ni mama, na watoto, na jirani aliyekuja kwa kuwa kwake umeme umekatika. Akiulizwa baba, atajibu asichokiona. Wasipoulizwa mama na jirani, hawakutazama.

Kisha kuna namba mbili ambazo huchanganywa makusudi au kwa kutojua. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaa una nyumba 100 zenye televisheni. Saa moja na nusu, nyumba 60 zimewasha, nyumba 40 zimezima. Katika zile 60, nyumba 30 zatazama tamthilia. Ukigawa kwa nyumba zote, umepata asilimia 30. Hicho ndicho kiwango cha utazamaji. Ukigawa kwa nyumba zilizowasha peke yake, umepata asilimia 50. Huo ni mgawo wa watazamaji. Zote mbili ni kweli, ila si vigumu kubashiri ni ipi itakayoandikwa kwa herufi kubwa. Msomaji akikutana na sifa ya namba, na aulize kwanza: ni asilimia ya nini?

Sehemu za mwisho zilizokusanya mataifa

Kuna nyakati ambapo tofauti ya namba hizo haikuwa na haja ya kutajwa, kwa kuwa zote zilikuwa kubwa mno. Tarehe 28 Februari 1983 Wamarekani walitazama mwisho wa M*A*S*H, tamthilia ya madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, iliyokuwa imedumu tangu 1972. Watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 105.9. Kiwango kilikuwa asilimia 60.2 ya nyumba zote zenye televisheni, na mgawo asilimia 77 ya zile zilizokuwa zimewasha. Enzi hizo vituo vilikuwa vichache, na asiyetazama usiku ule hakuwa na simu mfukoni ya kumrudishia kesho.

Miaka mitatu kabla ya hapo, tamthilia ya Dallas ilikuwa imewafunza watengenezaji hila nyingine. Msimu wake ulifungwa tarehe 21 Machi 1980 kwa mhusika mkuu, J.R., kupigwa risasi na mtu asiyeonekana. Jibu lilikuja tarehe 21 Novemba, miezi minane baadaye, muda ulioongezwa na mgomo wa waigizaji. Watu wapatao milioni 83 waliketi kulisubiri nchini Marekani. Ikadhihirika kwamba mwisho wa msimu haupaswi kuwa mwisho. Waweza kuwa ndoana.

Hila yenyewe ni kongwe, na sisi watu wa Pwani twaijua kwa jina lake la zamani. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alikatiza kisa kila alfajiri ili aishi hadi usiku wa pili. Yeye alikuwa na mtazamaji mmoja tu, na mtazamaji huyo alikuwa na upanga. Watengenezaji wa leo wana mamilioni, na kila mmoja ana rimoti.

Noor: sehemu ya mwisho iliyogusa umma wetu

Mfano unaotuhusu zaidi ulitokea mwaka 2008 katika nchi za Kiarabu, na wengi wenye jamaa Oman na Ghuba waliusikia ukitajwa. Tamthilia ya Kituruki iitwayo Gümüş ilikuwa imeonyeshwa kwao Uturuki kati ya 2005 na 2007 bila kishindo kikubwa. Shirika la MBC likainunua, likaitia sauti ya Kiarabu cha mazungumzo cha Shamu badala ya Kiarabu fasaha cha vitabuni, likawabadilisha wahusika majina, na kuiita Noor. Kisa kile kile ambacho Waturuki hawakukipapatikia kikawa gumzo kutoka Morocco hadi Ghuba. Lugha ya nyumbani ilifanya kazi ambayo fasaha haikuifanya. Nasi twalijua hilo, kwani tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili na kurushwa na Azam kutoka Dar es Salaam zimepata wapenzi wengi huku Pwani kwa sababu hiyo hiyo.

Sehemu ya mwisho ya Noor ilirushwa tarehe 30 Agosti 2008, Ramadhani ikiwa mlangoni. MBC ilisema watazamaji walikuwa milioni 85, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake. Na tuikumbuke kanuni yetu: aliyeitoa namba hiyo ndiye aliyekuwa akiuza nafasi za matangazo.

Lililotushughulisha sisi ni mapokezi yake. Mufti Mkuu wa Saudi Arabia, Sheikh Abdulaziz Al al-Sheikh, aliikemea tamthilia hiyo kabla haijamalizika, kwa kuwa ilionyesha ulevi na mahusiano nje ya ndoa ndani ya familia inayojiita ya Kiislamu. Hoja hiyo ina uzito wake, na mzazi hawezi kuipuuza. Upande wa pili, wanawake wengi walioulizwa na waandishi wa habari hawakutaja ulevi wala mapambo. Walimtaja Muhannad, mume aliyezungumza na mkewe kwa upole, aliyemsikiliza na kumuunga mkono katika kazi yake ya kubuni mavazi. Magazeti yaliripoti hata ugomvi wa nyumbani, mabwana wakikasirishwa na jina la mwigizaji kutajwa mno mbele yao.

Tuyatafakari hayo kwa insafu. Upole wa mume kwa mkewe haukuletwa na Waturuki mwaka 2005. Ni katika sira ya Mtume wetu (s.a.w.) na katika mafunzo tuliyopewa tangu chuoni. Mke anapoutafuta kwenye kioo, kukizima kioo ni nusu ya jawabu. Nusu ya pili iko kinywani mwa mume mwenyewe.

Wengi walitazama, wengi walikasirika

Kama namba kubwa ingekuwa dalili ya kuridhika, basi Game of Thrones ingekuwa na wapenzi wenye furaha kuliko wote. Sehemu yake ya mwisho, iliyorushwa tarehe 19 Mei 2019, ilitazamwa na watu milioni 19.3 usiku ule kwa hesabu ya HBO, rekodi kwa kituo hicho. Haikuwa tamthilia ya kutazamwa na watoto, na hatuitaji ili mtu aitafute. Twaitaja kwa sababu zaidi ya watu milioni moja walitia saini zao kudai msimu wa mwisho utengenezwe upya. Aliyetazama kwa furaha na aliyetazama kwa hasira wote walihesabiwa sawa.

Hasira yao ilikuwa na msingi. Kisa ni ahadi. Anayekwambia habari ya dhuluma kwa miaka minane amejifunga kukuonyesha mwisho wake kwa njia inayotokana na yaliyotangulia. Sisi tuna kipimo cha juu cha jambo hili. Sura ya 12 ya Qur'ani Tukufu yasimulia habari ya Nabii Yusuf (a.s.) kwa mfululizo mmoja, nayo yafunguka kwa ndoto ya mtoto na kufikia kilele kwa ndoto hiyo kusadikika. Kisima, soko, jela na kasri vyote vimo katikati, na hakuna kilichowekwa ili kumchelewesha msikilizaji tu. Aliyedhulumiwa anawasamehe nduguze akiwa na uwezo wa kuwaadhibu. Mtoto aliyelelewa na habari kama hiyo ana kipimo mkononi. Akiona tamthilia iliyorefushwa kwa ajili ya matangazo, ataitambua.

Kwa nini tunalia?

Wapo wanaomcheka mtu mzima anayelia kwa ajili ya mhusika wa kubuni. Wataalamu hawakucheka. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu uhusiano wa upande mmoja: mtazamaji anamjua aliye kwenye kioo, anamsalimu moyoni kila siku, ilhali yule hajui kwamba mtazamaji yupo. Uhusiano huo si wazimu. Ni tabia ile ile ya binadamu ya kumzoea anayemwona kila jioni.

Mwaka 2004 tamthilia ya Friends ilipomalizika Marekani, mbele ya watazamaji wapatao milioni 52.5, watafiti Keren Eyal na Jonathan Cohen waliwauliza wanafunzi 298 hali zao. Huzuni ilikuwepo, ingawa ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kuachana na mtu wa kweli. Kilichotupa mazingatio ni nani aliyehuzunika zaidi. Walikuwa wale waliojifunga mno na mhusika wao, na pamoja nao, wale waliokuwa wapweke.

Hapo ndipo ilipo habari ambayo kituo hakiihitaji nasi twaihitaji sana. Sehemu ya mwisho ikipita na mtu mmoja katika nyumba akawa mnyonge siku tatu, huenda tamthilia ilikuwa ndiyo wageni wake. Pengine ni bibi ambaye wajukuu humsalimu wakipita kuelekea chumbani. Pengine ni mke kijana aliyeletwa Mombasa kwa ndoa, ndugu zake wakabaki Lamu au Pemba, na mumewe hurudi usiku. Pengine ni msichana wa kazi, ambaye ile nusu saa ndiyo pekee katika siku yake aliyoketi pamoja na watu wa nyumba. Namba iliwahesabu kama watazamaji. Ni juu yetu kuwahesabu kama jamaa.

Tufanyeje katika nyumba zetu?

Hatuandiki haya ili televisheni itolewe nje. Twapendekeza mambo manne, mepesi na yanayowezekana.

La kwanza ni wakati. Sehemu za tamthilia aghalabu hurudiwa, na nyingi hupatikana baadaye kwenye intaneti. Jamaa msikitini haina marudio ya siku ya pili. Nyumba ikikubaliana mapema kwamba adhana ikilia sauti itazimwa, hakuna atakayekuwa adui wa mwenzake pale kisa kinapofika penye utamu. Agano hilo na lifanywe siku ya mwanzo wa tamthilia, wala si usiku wa mwisho.

La pili ni kutazama pamoja na kuuliza. Mtoto aulizwe: nani alidhulumiwa, na je, haki yake imerudi? Ni jambo gani hapa ambalo sisi hatulifanyi, na kwa nini? Mazungumzo ya robo saa baada ya kipindi yana faida kuliko makatazo ya mwezi mzima.

La tatu ni kumtazama mtazamaji. Tamthilia ikimalizika, nafasi imeachwa wazi saa moja na nusu usiku, na kituo kina mpango wa kuijaza kesho yake. Nasi tuwe na mpango wetu. Mpelekee bibi kahawa ukaketi naye, umwache asimulie, kwani hadithi zake ni nyingi na hazina matangazo. Mpigie simu yule mke aliye mbali na kwao. Mume na ajitahidi kufika mapema siku mbili tatu katika juma, na akifika, asiifanye simu kuwa mke wa pili.

La nne ni kuhesabika. Ukipigiwa au kutumiwa ujumbe na watafiti wa televisheni, jibu ukweli, kwani ni ushahidi. Na kama wewe hukutazama, mpe simu aliyetazama. Ila jihadhari: hakuna utafiti wa kweli wa televisheni unaohitaji namba yako ya siri ya M-Pesa. Na kituo kikituonyesha Pwani kama nchi ya majini, hirizi na uvivu tu, tukiandikie kwa adabu, tukitaja kipindi, siku na kosa. Kikifanya vizuri, kikatamka Kiswahili chetu sawasawa na kumvika mama wa Kimvita heshima yake, tukiandikie vilevile. Tukinyamaza, watakachosikia watengenezaji ni namba peke yake, na namba haina ulimi wa kueleza kilichotufurahisha wala kilichotuudhi.

Tamthilia nyingine itaanza, nayo itakuwa na mwisho wake, na kituo kitatangaza namba zake. Siku hiyo, kabla ya kuuliza ni wangapi walitazama, tuulize nyumbani ni nani aliyetazama peke yake.

Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu kuwa na utulivu, awape wazee wetu watu wa kuzungumza nao, na atubarikie nyakati zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.